Nyama ya Barabarani: Funzo Kutoka kwa Jirani Zetu wa Zambia

Barabara kuu itokayo Lusaka, mji mkuu wa Zambia, kwenda Mongu upande wa magharibi, hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Kafue. Hifadhi hiyo ni miongoni mwa zile kubwa kabisa barani Afrika, na eneo lake lapata kilometa za mraba 22,400. Malori hupita humo, na wanyama nao huvuka kama walivyovuka babu zao kabla lami haijajulikana. Vikikutana viwili hivyo, lori na mnyama, mara nyingi mnyama ndiye abakiye chini.

Tuseme basi ni alfajiri, katika barabara kama hiyo, nje kidogo ya mpaka wa hifadhi. Nyati amelala ukingoni mwa lami, na dereva aliyemgonga ameshakwenda zake. Wanatokea watu watatu wenye visu, halafu kumi, halafu thelathini. Huyu ana baiskeli, yule ana gunia, na mama mmoja amekuja na sufuria. Hakuna aliyewinda wala aliyeiba. Kitoweo kimeletwa na barabara, na nyumbani watoto wamelala na njaa.

Je, mtu wa kwanza mwenye mamlaka kufika mahali hapo ni nani? Si bwana mifugo, kwa sababu yeye yuko wilayani. Si bwana afya, kwa sababu hajapata habari. Ni askari: polisi aliye katika doria, au mwanajeshi apitaye na gari la kikosi chake. Watu wote humgeukia yeye, wakingoja neno lake. Ndiyo maana mazungumzo yetu ya leo, ingawa yahusu nchi jirani, tunayaelekeza hasa kwenu ninyi mlio katika majeshi yetu ya ulinzi na usalama. Neno hilo mtakalolisema laweza kuwa uhai wa watu au mauti yao.

Tuanze na yaliyowapata wenzetu. Mwaka 2011, katika wilaya ya Chama, mashariki mwa Zambia, kwenye bonde la mto Luangwa, viboko 85 walikufa katika muda mfupi. Wanakijiji waliiona ile nyama kuwa ni neema. Waliikata, wakaibeba, wakaipika na kuila. Hazikupita siku nyingi, vidonda vikaanza kuonekana. Watu 511 waliripotiwa kuugua, na watano kati yao wakafariki. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kimeta, maradhi ambayo wafugaji wetu wanayajua tangu zamani.

Miaka 12 baadaye jambo lile lile lilirudi. Mwaka 2023, katika wilaya ya Sinazongwe, kando ya Ziwa Kariba, watu 26 walitokwa na vidonda usoni, mikononi na vidoleni baada ya kula nyama ya mizoga mitatu ya nyati. Ilipofika tarehe 20 Novemba mwaka huo, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limepokea habari za watu 684 walioshukiwa kuugua na wanne waliokufa, katika mikoa tisa kati ya kumi ya nchi hiyo. Wala Zambia haikuwa peke yake. Kenya, Uganda, Malawi na Zimbabwe nazo ziliingiwa na kimeta mwaka huo huo. Huko Uganda, tangu mwaka 2004, maradhi hayo yalikuwa yamekwisha kuua viboko wapatao 300 katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth.

Kimeta ni ugonjwa wa namna gani? Husababishwa na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huishi katika damu ya mnyama na kumwua ghafula. Mzoga ukiachwa bila kupasuliwa, vijidudu hivyo vilivyomo ndani huangamia wakati mwili unapooza. Lakini kisu kikipita katika ngozi, damu ikamwagika na kukutana na hewa, vijidudu hujigeuza kuwa mfano wa mbegu zenye ganda gumu. Mbegu hizo huingia ardhini na kukaa miaka mingi sana, zikingojea ng'ombe, mbuzi au mtu mwingine.

Mwanajeshi atapenda kujua kwamba jambo hili lilithibitishwa na jeshi. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walifanya majaribio ya kimeta kama silaha katika kisiwa kidogo cha Gruinard, huko Scotland. Kondoo waliofungwa pale walikufa. Vita vilikwisha, wanajeshi wakarudi makwao, lakini kisiwa hakikuweza kukanyagwa na raia. Udongo wake ulisafishwa kwa dawa kali mwaka 1986, na kisiwa kikatangazwa kuwa salama mwaka 1990. Hiyo ni karibu nusu karne. Basi mwanakijiji anayepasua mzoga wenye kimeta kando ya barabara hujidhuru yeye mwenyewe, na pia huacha sumu katika malisho ya kijiji chake kwa muda ambao hawezi kuuhesabu.

Ndugu msikilizaji, hapa patatokea mtu mwenye hoja, na hoja yake ina uzito. Atasema: "Hao viboko wa Chama na nyati wa Sinazongwe walikufa kwa ugonjwa. Lakini huyu wangu amegongwa na lori. Nimeona vipande vya taa barabarani, nimeona alama za matairi. Sababu ya kifo chake naijua. Kwa nini niiache nyama nzuri ioze?"

Tumjibu kwa utaratibu. Kwanza, lori linaeleza jinsi mnyama alivyoanguka, lakini halielezi alikuwa katika hali gani kabla ya kuanguka. Mnyama mzima husikia ngurumo akakimbia. Mnyama mgonjwa huyumba, hutoka katika kundi lake, husimama katikati ya njia asijue aendako. Kwa hiyo gari laweza kuwa limemmaliza tu yule ambaye ugonjwa ulikwisha kumwanza.

Pili, na hili ndilo kubwa kupita yote, barabara hufuta ushahidi. Mnyama aliyekufa kwa kimeta mara nyingi hutokwa na damu puani, mdomoni na nyuma, na damu hiyo haigandi vizuri. Hiyo ndiyo ishara ambayo wazee walifundisha watu kuiogopa. Lakini mnyama aliyegongwa naye hutokwa na damu puani na mdomoni. Nani basi, akisimama na tochi saa kumi na moja alfajiri, atatofautisha damu ya ugonjwa na damu ya ajali? Dalili nyingine iko ndani ya mwili, katika bandama, ambalo wengine huliita wengu, kwa kuwa huvimba kupita kiasi. Lakini huwezi kuliona bandama bila kumpasua mnyama, na ukishampasua umekwisha kulifanya lile lile lililokatazwa.

Tatu, kimeta si hatari ya pekee. Katika machinjio yoyote yenye utaratibu, mkaguzi wa nyama humtazama mnyama mara mbili: akiwa bado hai, na tena akisha kuchinjwa. Huyu wa barabarani hakutazamwa hata mara moja. Hakuchinjwa, kwa hiyo damu yake imebaki mwilini na kuharakisha kuoza. Kishindo cha gari mara nyingi hupasua matumbo, uchafu wake ukaenea katika minofu. Jua likishachomoza, saa chache zinatosha kuiharibu nyama yote hata kama rangi yake bado yapendeza. Tena, wale swala wa mabwawani waitwao lechwe, ambao hupatikana katika mbuga za mto Kafue, wanajulikana kuwa na kifua kikuu cha ng'ombe. Na huko Kenya ilitokea kwamba watu waliokasirishwa na simba walioua ng'ombe wao walitia mizoga dawa ya kuua wadudu iitwayo Furadan. Simba walikufa, na ndege tai nao waliokuja kula walikufa. Anayeukuta mzoga hawezi kujua kwa kuutazama tu kama umetiwa kitu.

Labda mtu huyo atasema tena: "Nitaichemsha sana." Moto ni kitu chema, lakini mbegu za kimeta haziuawi kwa uhakika na mchemsho wa kawaida wa jikoni. Zaidi ya hayo, madhara hayangojei chakula kiive. Wataalamu waliowahoji watu wa Chama waligundua kwamba kula, kubeba na kutayarisha nyama ile, vyote vilihusiana na kuugua. Basi yule mama aliyeikata, na kijana aliyeibeba begani, wote wamo hatarini hata kabla sufuria haijainjikwa. Na askari aliyekubali mzoga upakiwe katika gari la kikosi naye yumo hatarini.

Wenye kupenda kusoma habari za nchi za mbali watatuuliza: mbona Wamarekani wanakula? Ni kweli. Katika jimbo la Alaska, mnyama mkubwa wa jamii ya paa aitwaye moose akigongwa na gari huwa ni mali ya serikali ya jimbo. Polisi wana orodha ya vyama vya hisani na watu walio tayari, nao huwapigia simu waje kuichukua nyama mara moja. Na katika jimbo la Oregon, tangu mwaka 2019 mtu huruhusiwa kuchukua kulungu aliyegongwa kwa kibali, lakini hana budi kukabidhi kichwa cha mnyama kwa maofisa wa wanyamapori ili kipimwe.

Tuutazame mfano huo kwa makini kabla ya kuuiga. Kwanza, ajali nyingi za Alaska hutokea majira ya baridi kali, ambapo nchi yote ni kama jokofu. Pili, habari ya mnyama hufika polisi upesi, na huko Oregon hata maabara huhusishwa. Tatu, hakuna anayejichukulia nyama kwa nguvu ya mikono yake. Kwa maneno mengine, wenzetu hao hawakuondoa sheria barabarani ili watu wale. Waliiweka sheria kwanza, ndipo watu wakala. Penye joto, penye kimeta, na pasipo na mtu wa kupima, desturi hiyo haiwezi kuhamishwa kama mtu ahamishavyo kiti.

Mababu zetu na dini zetu pia walikuwa na neno juu ya jambo hili. Lugha yetu ina majina maalumu ya nyama ya mnyama aliyekufa bila kuchinjwa: nyamafu, au kibudu, na majina hayo hayatamkwi kwa heshima. Mafundisho ya Kiislamu yanakataza mzoga, na kumtaja hata mnyama aliyekufa kwa kupigwa au kwa kuanguka. Torati ya Musa nayo ina makatazo yake. Lakini wahenga hao hao walisema kwamba mwenye njaa hana miiko. Na hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Maana wataalamu wale wa Chama hawakuishia katika kuhesabu wagonjwa. Waliwauliza watu 284: kama kiboko mwingine akionekana amekufa, mtakula tena? Kumbukeni kwamba watu hawa walikuwa wamekwisha kuuguza jirani zao na kuzika wengine. Hata hivyo, asilimia 23 walijibu kwamba watakula. Walipoulizwa sababu, karibu robo tatu yao, yaani asilimia 73, walitaja upungufu wa chakula. Basi tusijidanganye kwamba watu hula nyamafu kwa sababu ya ujinga. Wapo walao wakijua. Mtu huyo hahitaji kuambiwa kwa ukali kwamba nyama hiyo ni mbaya, kwa kuwa ameshajua. Anapima mauti yanayoweza kuja na njaa ambayo imekwisha kuja.

Askari asiyeelewa jambo hili atafanya makosa mawili. Kosa la kwanza ni la ukatili. Atawafukuza watu kwa virungu na matusi, na kutisha kumtia ndani kila mwenye kipande cha nyama. Matokeo yake ni nini? Watu wataificha nyama, halafu wataficha na vidonda. Na hapo ndipo mauti huingia, kwa sababu kimeta ni ugonjwa unaotibika. Wengi wa wale waliougua Chama walipata nafuu kwa dawa za kuua vijidudu. Lakini dawa humponya yule aliyefika hospitali, haimponyi aliyejificha nyuma ya nyumba kwa kuogopa pingu.

Kosa la pili ni la tamaa, na hili ni baya zaidi. Askari atawakataza raia, kisha paja moja likaelekea bwaloni, au nyumbani kwake. Siku hiyo hiyo kijiji kizima kitajua. Watu watasema: kumbe nyama ilikuwa nzuri, walichotaka ni kuila wao. Mara nyingine askari huyo, au mwenzake asiye na hatia, akisimama mbele ya mzoga wenye kimeta na kusema "msiguse", nani atamsikiliza? Paja moja litakuwa limeuza neno la jeshi zima, na wenzake wa bwaloni watakuwa wamelishwa maradhi.

Iko na hatari nyingine, nayo ni ya barabara yenyewe. Umati uliokusanyika gizani kuzunguka mzoga hauoni gari linalokuja. Nchi zetu zimekwisha kulia kwa sababu ya vitu vya bure vya barabarani. Mwezi Januari mwaka 2009 huko Sachangwan, Kenya, watu zaidi ya 110 waliteketea walipokuwa wakichota mafuta ya lori lililopinduka. Mwaka 2010 huko Sange, mashariki ya Kongo, zaidi ya 200 walikufa kwa namna ile ile. Na sisi wenyewe, mwezi Agosti mwaka 2019, tulizika zaidi ya 100 huko Morogoro. Mafuta si nyama, lakini umati ni ule ule, na haja iliyowakimbiza ni ile ile. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Sheria yasemaje? Huko Zambia, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2015 imeweka milki ya kila mnyamapori mikononi mwa Rais kwa niaba ya Jamhuri. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, na sheria yake ya mwaka 2013 inakataza biashara ya nyama pori. Hapa kwetu, sheria ya mwaka 2009 inahesabu hata nyama ya mnyamapori kuwa ni nyara za serikali, na kuwa nazo bila kibali ni kosa. Ajali ya gari haibadilishi milki hiyo. Wakati huo huo, kanuni za mwaka 2020 zilifungua njia ya mabucha halali ya nyama pori, ambayo nyama yake hukaguliwa. Sheria basi haikumchukia mla nyama. Ilichotaka ni kwamba nyama ipite mbele ya macho ya mtu mwenye ujuzi kabla haijafika kinywani.

Askari afanye nini afikapo penye mzoga? Kwanza alinde uhai wa watu: aweke alama barabarani pande zote mbili, hata kama ni matawi ya miti, na awatoe watu katika lami. Pili, azuie mzoga usipasuliwe wala kuburutwa, na mbwa wasiufikie. Tatu, apeleke habari upesi kwa maofisa wa wanyamapori na wa mifugo. Hao ndio wenye kuamua kama utachomwa au utazikwa kwa kina kirefu, na wapi. Nne, asiupakie katika gari lake kwa kutaka kusaidia. Tano, ikiwa amekuta umekwisha kukatwa, awaambie watu kwa sauti ya upole waiache nyama, wanawe kwa maji na sabuni, na yeyote atakayepata homa, kuharisha damu, au kidonda kisichouma chenye weusi katikati, aende hospitali mara moja na kusema wazi alichogusa. Katika saa hiyo, kumpata mgonjwa ni muhimu kuliko kumpata mtuhumiwa.

Na liko jambo la sita, ambalo halimo katika vitabu vingi vya amri. Askari akiandika taarifa yake, asiandike tu idadi ya wanyama na namba za magari. Aandike pia kwamba watu wa mahali fulani walikuja thelathini, alfajiri, na visu na sufuria. Taarifa hiyo ikifika kwa Mkuu wa Wilaya, itamwambia habari ya njaa ambayo pengine haijafika mezani kwake kwa njia nyingine. Askari hana ghala la mahindi, lakini ana macho na ana kalamu.

Ndugu msikilizaji, Zambia si mbali. Barabara iendayo huko kutoka Dar es Salaam hupita katika Hifadhi ya Mikumi kwa yapata kilometa 50, na wanyama wetu nao hugongwa humo. Siku moja utakuwa zamu, utafika pale penye mzoga kabla ya mwingine yeyote, na watu watakugeukia. Wambie ukweli, uwaambie kwa heshima, nawe uondoke pale mikono mitupu kama wao. Wakikuona umeondoka mikono mitupu, watakuamini.